Mlingoti wa Bendera ya Kizingitini

Nimechoka kuulizwa. Nikitoka msikitini naulizwa, nikikaa kunywa kahawa naulizwa, hata mwenye duka akinipimia sukari anauliza: fundi, ulisema waenda siku tatu, mbona ukakaa kumi? Basi naandika mara moja tu. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe. Mwandiko wangu ni kama nyayo za kaa, nalijua hilo. Mimi nilikaa chuo cha Kurani miaka miwili nikatolewa kwenda kubeba mbao. Nilicho nacho nimekipata kwa kuchonga kwa tezo, na vyombo vya bahari nilivyounda hapa Matondoni havijawahi kurudi kwangu kwa ila.

Aliyekuja kuniomba ni Mwalimu Kavata, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule Kizingitini. Ni mama wa bara, Mkamba, mwembamba, haongei sana. Alinikuta karakanani akanieleza kuwa mlingoti wa bendera wa shule umeliwa na mchwa, sasa bendera ya taifa inafungwa kwenye mti wa kuanikia nguo. Sherehe za sikukuu ya taifa miaka yote hufanywa Faza. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ofisa wa serikali alikubali zifanywe Kizingitini, ila kwa sharti: asipokuta mlingoti wa maana, watu wote watarudi Faza, na asiombwe tena. Mama yule alikuwa amezunguka ofisi mwaka mzima kuomba siku hiyo moja. Akaniuliza bei.

Nikamwambia aiweke bei yake mfukoni. Watu wetu nawajua. Wakivuka kwenda Mombasa wanasema wanakwenda Kenya, kana kwamba sisi hapa tuko mwezini. Halafu dawa zikikosekana zahanati, hao hao wanapiga kelele kuwa na sisi ni Wakenya. Uwe Mkenya siku zote au usiwe. Nilikuwa na mvinje nilioupanda kwa mkono wangu nyuma ya karakana, umenyooka kama mshumaa. Nikasema ndio huo.

Nikamchongea na kigezo cha ubao ampelekee mwashi wake. Mwashi amwage saruji kukizunguka, ikikauka akitoe, na tundu litakalobaki ndilo kiti cha mlingoti. Mimi nikija ni kuuchomeka tu. Siku tatu: ya kwenda, ya kuusimamisha, ya sherehe na kurudi.

Matondoni hadi mjini

Jumatatu asubuhi mpwa wangu alikuwa aje na boti yake aupakie mlingoti pwani, tuzunguke nao kwa maji. Hakuja. Akapiga simu kusema mashine iko kwa fundi. Nikamuuliza tangu lini. Tangu Ijumaa. Na kwa nini hukuniambia Ijumaa? Akasema hakutaka kunitia wasiwasi. Mnaona watu nilio nao?

Ikabidi nimtafute Shee, mwenye punda. Mlingoti una pima nne, punda mmoja haubebi. Tukafunga kitako juu ya punda wa mbele, kichwa juu ya punda wa nyuma. Shee akauzunguka mzigo mara mbili, akatikisa kichwa.

"Fundi, wataka punda au wataka meli?"

"Nataka ufunge kamba unyamaze."

Wa mbele alikuwa mfanyakazi. Wa nyuma alikuwa mtu wa kusimama. Akiona jani anasimama, akiona punda mwenzake anasimama, na akisimama yeye, mlingoti unamvuta wa mbele kinyumenyume. Saa nzima nilikuwa katikati yao, nikibembeleza huku na kutukana kule.

Tulipofika mjini nikamwambia Shee tupite nje, kwenye uwazi. Akasema yeye ajua ndia ya mkato. Ndia yake ya mkato ikatufikisha kwenye kona ambayo hata jeneza hulazimika kuinuliwa kupita. Mbele hatuendi, nyuma kuna punda asiyejua kurudi. Vijana wanne wamekaa kwenye baraza hapo hapo, simu mikononi, wanatutazama. Nikawaomba wanyanyue kichwa cha mlingoti. Mmoja akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia ni mlingoti wa bendera ya nchi. Akasema basi waje serikali wanyanyue.

Nilitaka kumrushia kiatu. Badala yake tukausukuma mlingoti ndani ya mlango uliokuwa wazi ili kitako kipate kugeuka. Ndani kulikuwa na bibi mmoja anakula. Kichwa cha mlingoti kikasimama juu ya sinia yake. Hakushtuka.

"Karibuni," akasema. "Kichwa chenu kishafika, na nyinyi ingieni."

Hakutuachia tupite mpaka tule. Tukala mkate wa mofa na maharagwe ya nazi, tumekaa chini ya mlingoti, punda wa nyuma akinusa mlangoni. Chakula kilikuwa kizuri, Mungu ambariki. Lakini boti ya asubuhi haikungoja maharagwe yangu.

Gatini

Nikafika gatini nikakuta askari kijana, mtu wa bara, amesimama njiani mwangu. Akaugonga mlingoti kwa fimbo yake. Akataka kibali.

"Kibali cha nini, afande?"

"Mzee, mikoko hairuhusiwi kukatwa hovyo. Hiyo mti umetoa wapi?"

Nikamwambia huo si mkoko, ni mvinje. Akasema miti yote ya huku ni mikoko. Jamani. Kijana anatumwa kulinda mti asioujua. Nikamwita aje auone, anuse, ashike ganda lililobaki kwenye fundo. Akanusa. Akasema harufu hiyo haijui, kwa hiyo hawezi kuithibitisha. Akapiga simu kwa mkubwa wake, naye mkubwa hakushika. Tukakaa juani, mimi nimeketi juu ya mlingoti, yeye amesimama kando kana kwamba nitakimbia nao.

Baadaye sana akaniuliza unakwenda kuezekea nini. Nikamwambia siezeki, ni mlingoti wa bendera, wa shule, Kizingitini, sikukuu ya keshokutwa. Yule kijana akavua kofia.

"Sasa mzee, si ungesema hivyo mwanzo?"

"Si ungeuliza mwanzo?"

Akaita wenzake wawili, wakaupakia botini wenyewe, polepole, kama wanabeba mgonjwa. Nikamsamehe nusu.

Mkanda

Boti ya mchana ilikuwa tayari. Abiria wamejaa, mashine inaunguruma, nahodha yuko usukani. Mlango wa bahari wa Mkanda, kama mjuavyo, haupitiki maji yakikauka. Kila mtu ndani ya boti alilijua hilo, na kila mtu alikubali tumngoje mfanyabiashara mmoja aliyekuwa analeta kreti zake za soda. Nilisema. Nikasema tena. Nahodha akaniambia, mzee, huyu ni mteja. Na sisi wengine ni nini, dagaa?

Soda zikaja. Tukaondoka. Katikati ya Mkanda boti ikakaa chini kwenye matope kama kuku anayeatamia. Muda wa saa tano tukiwa pale. Jua kichwani, mikoko pande zote mbili, mwenye soda amelala usingizi juu ya kreti zake.

Nahodha akanijia kwa adabu kuomba mlingoti autumie kama pondo, asukumie boti. Nikamwambia akiugusa, pondo nitamfanya yeye.

Karibu yangu alikaa Bi Zaituni, anayeuza nguo Kizingitini. Alikuwa ameshatundika vikapu vyake vitatu kwenye mlingoti wangu bila kuniuliza. Akanipa mahamri na kipande cha samaki wa kukaanga, kisha akaniuliza nimelipwa ngapi. Nikasema sikulipwa. Boti nzima ikageuka kunitazama. Mmoja akasema serikali ina pesa, kwa nini nijisumbue. Mwingine akasema ningengoja kampeni, wanasiasa wangeununua kwa bei nzuri.

Nikawaambia maneno yangu, na si ya utamu. Nikasema bendera hiyo nilipandishiwa nikiwa mtoto, sikuipigania mimi, kuna waliohangaika. Nikasema nimesimamishwa mara ngapi kule bara nikiulizwa kama mimi ni Mkenya kweli, kwa sababu ya kofia yangu na jina langu. Kila mara nimejibu ndiyo kwa mdomo. Safari hii nataka kujibu kwa mti. Wakija hao wanaouliza, waikute bendera kwetu imesimama vizuri kuliko kwao.

Bi Zaituni akatafuna, akameza.

"Fundi, wewe wataka bendera isimame, au wataka kusifiwa?"

"Vyote viwili."

"Angalau husemi urongo," akasema, akaniongezea hamri.

Maji yakarudi jioni. Tukafika Mtangawanda, boti inapoishia, jua limeshazama, hapana gari. Nikalala kwenye banda la samaki, na mengine ya usiku huo hayana faida kwa mtu.

Mtangawanda hadi Kizingitini

Asubuhi ya Jumanne nikapata pikapu ya kijana aitwaye Mwangi. Akautazama mlingoti, akautazama ubavu wa gari lake.

"Mzee, hiyo mti ni ndefu kuliko maisha yangu."

Nusu ya mlingoti ikatokeza nyuma. Tukaifunga kitambaa chekundu. Barabara ile siisemi, mnaijua, ina mashimo hata mashimo yana mashimo. Kila tukiingia shimoni, mkia wa mlingoti unapanda juu na mimi niliyekaa juu ya kitako kuukandamiza napanda nao. Tukakwama mchangani mara mbili. Mara ya kwanza walikuja watu kusukuma. Mara ya pili alikuja mtu mmoja kutuambia kuwa wale wa mara ya kwanza wamechoka.

Mwangi alitaka kujua kwa nini nahangaika hivi wakati mabomba ya chuma yapo. Nikamwambia bomba la chuma hupakwa rangi mwaka wa kwanza na huliwa na chumvi mwaka wa pili. Mti uliochongwa na mtu ajuaye utamzika aliyeuchonga. Nilisema hivyo kwa kujigamba, siwafichi.

Uwanjani

Tulifika alasiri. Mwalimu Kavata alikuwa amesimama langoni, nadhani tangu asubuhi. Alinishika mikono yote miwili. Uwanja umefagiwa, mawe yamepakwa chokaa, viti vya wageni vimepangwa, na katikati msingi wa saruji safi kabisa, tundu lake la mraba limekaa kama nilivyoagiza. Mwashi, Bwana Omari, mtu mzima kama mimi, alikuwa pembeni amekunja mikono.

Watu kumi na wawili tukausimamisha. Kitako kikaingia tunduni kwa mlio mmoja, hata wembe haupiti kati ya mti na saruji. Nikarudi nyuma hatua ishirini nipate kuutazama.

Mlingoti ulikuwa umeinama.

Haukuwa umeinama kidogo tu, mtu akaweza kubishana. Ulikuwa umeinama mbele kuelekea kwenye viti vya wageni, kama mzee anayetaka kumsikia mtu. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa. Mwalimu Kavata akaweka mkono mdomoni.

Nikamgeukia Omari. Nilimwambia mengi mbele za watu, mengine nayaacha. Nilimuuliza macho yake yako wapi, nani alimpa mwiko, na kama nyumba anazojenga watu hulala ndani au hulala zimewaegemea. Akaenda darasani akarudi na kigezo changu cha ubao pamoja na timazi. Akakisimamisha kigezo juu ya meza, akaushusha uzi wa timazi kando yake. Uzi ulishuka wima. Ubao wangu ulikwenda upande wake mwenyewe.

Hapo nikajua. Nyinyi wa Matondoni mmeshajua pia. Mlingoti wa mashua hausimami wima, unainamia omo, mbele ya chombo, ndivyo tanga linavyotaka. Kila kigezo cha mlingoti nilichochonga tangu ujana kina mwinamo ule ule. Mkono wangu ulikata ulivyozoea, haukuniuliza chombo kiko wapi.

"Niliona tangu siku ya kwanza," Omari akasema.

"Ukaona ukanyamaza?"

"Wewe ndiwe fundi wa Matondoni. Nikasema wajua jambo nisilolijua mimi."

Ningependa kuwaambia nilimwomba radhi pale pale. Sikuomba. Nilikaa juu ya jiwe lililopakwa chokaa na kuchafua kanzu.

Tukatafuta njia. Kuvunja saruji na kumwaga nyingine kungehitaji siku nyingi, na ofisa anakuja kesho saa tatu. Kukichonga kitako kiwe chembamba na kukaza kwa kabari kungewezekana, lakini kabari hulegea mti ukikauka, nami siweki mti wa pima nne juu ya vichwa vya watoto kwa kabari. Omari ndiye aliyepata dawa. Akasema tumwambie ofisa kuwa ndivyo milingoti ya kwetu ilivyo. Ni mila. Huinama kwa heshima ya mgeni. Mtu wa bara atajua nini? Waliokuwepo wote wakafurahi. Mmoja akasema hata watalii watakuja kuupiga picha.

Nikamuuliza Mwalimu Kavata yeye aonaje.

"Mimi ni mgeni hapa, mzee," akasema. "Mkisema ni mila, mimi nitaandika ni mila."

Nikaenda kuswali magharibi. Nawaambia ukweli, uongo ule niliupenda. Uliniokoa mimi, uliokoa sherehe, na haukumdhuru mtu.

Sikukuu

Ofisa alifika saa nne na nusu badala ya saa tatu, sitaki hata kuanza hilo. Watoto wamesimama juani kwenye mistari. Wavuvi wamejaa nyuma, wengi kuliko nilivyotarajia, na Bi Zaituni kafunga biashara yake akaja. Ofisa akapeana mikono, akafika chini ya mlingoti, akainua kichwa. Nadhani kuna aliyekwisha kumnong'oneza, kwa maana alikuwa anatabasamu.

"Mzee, naambiwa wewe ndiye fundi. Na kwamba hii ni mila ya pwani, mlingoti unamwinamia mgeni. Ni kweli?"

Watu wote wakanitazama. Omari alikuwa ananitikisia kichwa polepole: sema ndiyo. Mwalimu Kavata anatazama viatu vyake. Mama wa watu, mwaka mzima wa ofisi, na yote yamo mdomoni mwangu.

Nikafikiria watoto wale. Wangeambiwa darasani ni mila. Wangekua wakiamini. Siku moja mtoto wa Kizingitini angekuja kujifunza ufundi kwangu, aniambie bendera huinama kwa sababu babu zetu walitaka hivyo. Na mimi nimtazame.

"Si kweli, bwana ofisa," nikasema. "Mila yetu haina jambo hilo. Nilichonga kigezo cha mashua. Mwashi alifuata nilichompa, yeye hana kosa. Kosa ni langu, na siondoki Kizingitini mpaka nilirekebishe."

Watoto waliacha kukwaruza mchanga kwa viatu. Ofisa akautazama tena mlingoti, safari hii bila tabasamu.

"Utaanguka?"

"Hauanguki. Umekaa imara kuliko ofisi yako. Umeinama tu."

"Unaelekea kwenye kiti changu."

"Unaelekea, bwana."

Akakichukua kiti mwenyewe, akakisogeza hatua sita upande, akaketi, akakunja miguu. "Endeleeni," akasema.

Bendera ikapanda. Wimbo wa taifa ukaimbwa, wavuvi nao wakaimba, wengine hawajui maneno ya katikati lakini walikuwa wamesimama wima, wima kuliko mlingoti. Wimbo ulipokwisha, sauti ikatoka nyuma: "Fundi, tanga lake li wapi?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, ofisa naye. Mimi sikucheka. Labda mwakani.

Alipokuwa anaondoka nilimsikia akimwambia Mwalimu Kavata kuwa mwaka ujao atakuja tena, na atataka kiti chake kirudi mahali pake. Yule mama alisema asante, kisha akaenda nyuma ya darasa akakaa huko muda.

Siku za saruji

Basi ndizo hizo siku mnazoniuliza. Alhamisi tulivunja msingi, mimi na Omari, kwa nyundo na tindo, wazee wawili tunatukanana kwa kupokezana. Nilimwomba radhi katikati ya vumbi. Akasema hakusikia, nirudie, nikarudia. Ijumaa baada ya swala tulimwaga saruji mpya kuzunguka kigezo kipya, nacho tulikipima kwa timazi mara nne, mara ya tano Omari akasema nautia ubao haya. Halafu kungoja ikauke. Nikala wali na kamba kwa watu ambao sikuwahi kuwajua, na kila nyumba niliulizwa kuhusu tanga.

"Ungesema ni mila," Omari akaniambia, "sasa ungekuwa nyumbani na mkeo."

Jumanne asubuhi tukausimamisha upya. Asiyeamini aende na timazi yake mwenyewe. Nikakusanya vyombo vyangu nikatafuta maji ya kunawa, na Mwalimu Kavata akanionyesha tangi kubwa la saruji nyuma ya jiko la shule. Lilikuwa kavu. Lina ufa kutoka juu hadi chini, mkono unaingia. Nikamuuliza limepasuka lini. Akasema wiki ile lilipojengwa. Mkandarasi alipiga picha, akapanda boti, hajaonekana tena, na watoto huja na maji ya chupa kutoka nyumbani.

Nilipitisha kidole kwenye ule ufa, nikamuuliza Omari saruji imebaki kiasi gani.

Akanitazama mimi, akalitazama tangi, akashusha pumzi.

"Nusu mfuko. Na boti yako yaondoka saa sita."

"Hiyo ni ya leo," nikamwambia. "Kesho pia kuna boti."